Jiwe la Mkono Kwenye Rasi ya Nyamisoro

Kituo cha Rasi,
Kisiwa cha Nyamisoro.
12 Januari 2024

Shangazi Valeria mpendwa,

Mwakeye? Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamekupumzisha kidogo na maharage yako hayajaozeshwa na mvua. Mimi sijambo. Nimehamishiwa huku tangu wiki ya kwanza ya Desemba, ndiyo maana Krismasi hukuniona Kibondo. Baba nilimpigia kabla ya kuvuka ziwa, akasema "sawa" kisha akakata. Unamjua mdogo wako na simu.

Nimeamua kukuandikia kama zamani ulipokuwa unatulazimisha likizo. Huku mtandao haupatikani mpaka upande mwamba mrefu kuliko mnara wa kanisa. Tena masikio yako na simu havielewani siku hizi, na mimi sitaki mambo yangu yapigiwe kelele dukani kwa Abdulrahmani huku wateja wa sukari wanasikiliza. Barua itavuka na boti ya hifadhi inayokuja kila wiki mbili, ipande basi mpaka Nyakanazi, ipite Kakonko, iishie kwenye kaunta yake pale stendi. Ameahidi kukutumia mtu ikifika.

Sasa nikueleze nilipo. Kisiwa chenyewe ni msitu, lakini upande wa kaskazini kimetoa rasi, na kituo chetu kiko shingoni mwa rasi hiyo. Mwendo wa dakika arobaini toka kituoni hadi nchani, ukiruka jiwe hadi jiwe. Mawe ni ya kijivu, makubwa kama nyumba, yamepandana ovyo. Nchani kabisa yamekuwa meupe kwa mavi ya minandi, ndege weusi wanaokaa wamepanua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Furukombe wawili wana kiota juu ya mkuyu na kila asubuhi wanagombana kwa sauti ambayo wewe ungewatoa nje ya darasa. Pimbi wanaota jua kwenye nyufa. Usiku viboko hupanda kutoka majini kwenda malishoni, wana njia yao katikati ya mawe, imechimbika kama mtaro. Mimi kazi yangu ni doria, kuhesabu ndege, na kufyeka njia mpya, maana wakubwa wanataka watalii wafike nchani na kujengewa jukwaa la kutazamia ziwa.

Karibu na ncha kuna mwamba tambarare wenye vibonde vitatu laini ajabu. Mvua ikinyesha ndege wanakunywa humo. Mkuu wa kituo, Bwana Khatibu, mtu wa Tanga, anasema ni mawimbi ya zamani ziwa lilipokuwa juu. Ni mpole, ila anapika wali kila siku na kutuita sisi wa bara watu wa kumeza mawe kwa ajili ya ugali wetu wa muhogo.

Mawe ndiyo yamenikumbusha. Juzi kwenye ile njia ya viboko nimeokota jiwe jekundu, saizi ya mkate mdogo, upande mmoja limelika kwa kusagia. Shangazi, si jiwe la huku. Ni jiwe letu kabisa, lile la vilima vya Kasulu, lenye chembechembe kama chumvi. Nilifurahi mpaka nikalibusu. Nimelipeleka jikoni, sasa nasagia karanga na pilipili, na Bwana Khatibu amekiri kwamba mchuzi umepanda cheo. Linafanana na lile jiwe lako kubwa la uani ambalo kuku wananywea maji. Nakumbuka tukiuliza mwanawe, lile jiwe la mkono la kusagia, yuko wapi, ulisema alipotea. Basi nimekupatia mwana wa kambo.

Wasalimie wote.
Mwanao,
Careen


Kibondo,
3 Februari 2024

Careen,

Barua yako nimeipata juzi. Ilikuwa na alama ya mafuta ya taa, lakini imesomeka. Mwandiko wako umeharibika tangu uanze kushika bunduki.

Mimi sijambo. Magoti yananikumbusha umri kila ninapotoka kanisani. Mvua zimezidi, maharage ya bonde la chini yamegeuka njano, ya juu yatatufaa. Mwalimu mpya wa shule yetu, binti mmoja wa Tarime anaitwa Ghati, amepanga chumba changu cha nje. Ana adabu, ila anaongea kama anagombana, na kwa masikio yangu hiyo ni neema. Baba yako alikuja wiki iliyopita kutoka Kagerankanda na mkungu wa ndizi. Nyonga bado inamsumbua. Nilimsomea barua yako mpaka ile sehemu ya ndege. Alicheka kuhusu kanisa na mnara. Sehemu ya mwisho sikumsomea.

Nimefurahi umepata kazi mahali penye hewa. Rasi nimeifundisha miaka thelathini na minne, nchi kavu iliyochomoza ndani ya maji, na sijawahi kuiona hata moja. Jihadhari na viboko. Usitembee peke yako alfajiri kwenye hiyo njia yao.

Kuhusu jiwe. Uliliokota karibu na makaburi? Lirudishe. Lioshe kwa maji safi bila sabuni, ulirudishe mahali pale pale ulipolitoa, leo leo usome barua hii, hata kama ni jioni. Usilisagie kitu kingine chochote. Karanga nunueni zilizosagwa.

Usiniulize sababu.

Shangazi yako,
Valeria


Nyamisoro,
1 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenikuta jana jioni, boti ilichelewa kwa ajili ya upepo. Nimefanya kama ulivyosema. Nimeliosha, nikaenda na Bwana Khatibu na tochi mbili, nikalirudisha. Alinifuata bila kuuliza, akasema shangazi akiamuru hivyo kuna jambo.

Lakini Shangazi, mimi sikukuandikia habari za makaburi. Nimerudia kukumbuka nilichoandika, sikuandika. Nilisema njiani. Tena wakati ule sisi wenyewe hatukujua kama yapo. Tumeyaona wiki mbili zilizopita tulipofyeka upande wa magharibi wa njia ya viboko. Ni marundo kumi na saba ya mawe, yamepangwa safu tatu, vichwa vimeelekea ziwani. Moja limebomolewa na viboko, na jiwe langu nililiokota hatua tano chini yake. Nilipojua hilo niliacha kulisagia. Zaidi ya mwezi nimekula karanga za kaburini.

Bwana Khatibu alipeleka habari makao makuu na wametuletea nakala ya faili la zamani. Rasi hii ilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma. Walianza kuletwa miaka ya hamsini, kutoka Biharamulo, Ngara, na wengine wa kwetu, Kasulu na Kibondo. Waliwekwa nchani ili wasichangamane na wavuvi wa upande wa pili. Palikuwa na mabanda kumi, mganga msaidizi mmoja, na mtumbwi wa chakula mara moja kwa mwezi. Mwaka 1967 kambi ikafungwa, waliobaki wakahamishiwa bara. Baadaye wavuvi nao wakaondolewa, kisiwa kikaachiwa wanyama. Mabanda yameoza, hakuna hata nguzo. Ninapohesabu minandi asubuhi nafikiri hao watu nao walikuwa wanawatazama ndege hawa hawa, hawana pengine pa kutazama.

Orodha ya majina ya waliozikwa haipo, imeliwa na mchwa. Kwa hiyo limetoka tangazo. Ndugu wenye mtu wao hapa wajaze fomu, ipigwe muhuri na serikali ya kijiji, ifike kituoni kabla ya tarehe 30 Juni, isainiwe na mtoto wa marehemu aliye hai kama yupo. Kaburi lenye mwenyewe litaachwa lilipo na njia itazungushwa. Yasiyo na mwenyewe mifupa itakusanywa kwenye kaburi moja kule gatini, na jukwaa la watalii litajengwa hapo hapo.

Nakuuliza kwa heshima zote. Tuna mtu huku?

Habari nyingine: nimeona nzohe jike, yule swala wa majini, na ndama wake kwenye mafunjo, majini mpaka kifuani, wanatafuna bila wasiwasi. Nilitamani ungewaona.

Mwanao,
Careen


Kibondo,
20 Machi 2024

Careen,

Natumaini u mzima. Huku tuko Kwaresima, Ghati ameacha soda mpaka Pasaka na amekuwa mkali zaidi. Muhogo umepanda bei kwa sababu wafanyabiashara wanaupeleka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Baba yako amepata dawa ya nyonga hospitalini Kasulu, anatembea vizuri kidogo.

Hatuna mtu huko. Bibi yako Ndayikeza, mama yetu, alirudi kwao Burundi mwaka 1960 akaolewa huko. Unalijua hilo tangu utoto, na baba yako analijua kuliko wewe.

Kuhusu makaburi, mtu yeyote akisoma kuhusu mawe yaliyolika kwenye kisiwa angefikiria makaburi. Ni akili ya kawaida.

Heri ya Pasaka.
Valeria


Nyamisoro,
14 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Heri ya Pasaka na wewe, ingawa imepita. Tuliichelewesha tukaisherehekea pamoja na Idi siku nne zilizopita, kwa sato wa kuchoma. Bwana Khatibu alikuwa amemaliza mwezi wake wa kufunga na alikula kuliko sisi wote.

Nimeelewa jibu lako na sitauliza tena. Mimi siwezi kukulazimisha. Uliniuguza surua, ulinilipia sare za sekondari, na ndiye uliyetaka niitwe Ndayikeza nilipozaliwa, Baba akakataa, akasema hawezi kumwita mtoto wake jina la mwanamke aliyemtupa. Mpaka leo akimtaja anasema "yule mwanamke". Sikuwahi kujiuliza kwa nini wewe, uliyetupwa pamoja naye, ulilitaka jina hilo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Moja ni fomu tupu, nimeambatanisha tu kwa sababu zilikuwa nyingi. Ya pili, nimeliweka lile jiwe juu ya karatasi na kupitisha penseli pembeni, halafu nikalirudisha. Utaona upande mmoja umeingia ndani, hapo palipolika. Kuna pengo dogo kwenye kona, kama limewahi kuanguka.

Mvua zimekwisha mapema. Mainzi ya ziwa yamepanda juu ya maji kama moshi, jana yaliingia mpaka kwenye chai. Wapima njia wamepita na kupaka rangi nyekundu kwenye mawe. Mstari wao unakatiza safu ya pili. Rundo lililobomoka liko safu ya pili.

Jitunze. Nakupenda.
Careen


Kibondo,
2 Juni 2024

Careen mwanangu,

Umesubiri wiki saba. Abdulrahmani amenitumia watu mara mbili kuuliza kama naumwa, maana sijaenda dukani kuuliza barua. Siumwi. Maharage nimevuna magunia mawili. Ghati anakusalimu.

Karatasi yako ya penseli niliikata kwa mkasi kufuata mstari. Nikawafukuza kuku, nikamwaga maji, nikaiweka juu ya jiwe kubwa mahali palipolika. Nilisimama pale mpaka Ghati akaja kuniuliza nimepoteza nini. Ile kona yenye pengo niliipasua mimi. Nilikuwa na miaka saba, nililiangusha jiwe la mkono la Mama kwenye kizingiti. Hakunipiga. Alisema jiwe lake sasa lina alama, mtu hawezi kuliiba.

Sasa nakuambia yote, na ukimaliza kusoma utanihukumu unavyoona.

Mama hakwenda Burundi. Mwaka 1960 madoa yalimtokea mgongoni na vidole vikaanza kufa ganzi. Aliunguza mkono kwenye chungu bila kujua. Ulikuja msafara wa afya, wakampima, wakampa wiki moja. Baba yako alikuwa na mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Siku ya kuondoka Mama alimweka mgongoni kwangu, akafunga nguo zake kwenye kitenge, na ndani ya kitenge akaweka jiwe la mkono. Kubwa aliliacha. Alisema popote penye mwamba atapata pa kusagia, lakini jiwe la mkono halishikiki kama si lako. Hakuwa anamwazima mtu jiwe lile, hata mke mwenzake na mama yake hakumwazima.

Siku ile ile babu yako Hatungimana aliniita nyuma ya nyumba. Akaniambia nikiulizwa niseme mama amerudi kwao Burundi. Nilikuwa na miaka tisa. Ungejua mambo ya wakati ule usingemlaumu sana. Nyumba iliyotoka mkoma watu walihama kisima. Mchumba akija, washenga wanatumwa kwanza kuuliza ukoo: kuna wizi, kuna uchawi, kuna ukoma? Wakisikia la tatu hawaketi. Mwaka 1974 kuna mwalimu wa Kakonko alitaka kunioa. Alinieleza ndugu zake watakuja kutuuliza. Nilimwambia simpendi. Nilikuwa nampenda.

Mwaka 1964 ilikuja barua kutoka kisiwani, ya yule mganga msaidizi. Mimi ndiye niliyejua kusoma nyumbani. Nilimsomea Baba kwamba Ndayikeza amefariki kwa homa tarehe fulani Mei, amezikwa nchani, wenzake wameweka jiwe lake juu ya kaburi kwa sababu hakuwa na msalaba. Jina la kisiwa nililisoma mwenyewe kwa sauti, Nyamisoro. Baba alichukua barua akaitia motoni, akasema, "Umesoma. Sasa sahau." Ulipohamishiwa huko na kuandika jina hilo juu ya barua, nilikaa chini kabla sijasoma mstari wa pili.

Babu yako akafa mwaka 1991. Ningeweza kusema tangu siku ile. Sikusema. Uongo ulikuwa wa babu yako, lakini miaka thelathini na mitatu ya mwisho ni yangu mwenyewe, na sababu nakupa hata kama inanitia aibu. Baba yako Theonest nimemlea mgongoni. Alikuwa akiniita mama mpaka alipoanza shule. Alipofikia umri wa kuuliza, nilimwambia mama yetu alituacha, na kila alipozidi kumchukia ndivyo alivyozidi kuwa wangu. Nimekuwa mama yake kwa kumnyang'anya mama yake. Hiyo ndiyo kweli na sina nyingine.

Alhamisi nilipanda basi nikaenda Kasulu, nikachukua pikipiki mpaka Kagerankanda, na magoti haya. Nilimkuta anachambua mbegu. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja, "Alininyonyesha mpaka siku ile?" Nikamwambia mpaka asubuhi ile. Akachukua jembe akaenda shamba. Hakurudi mpaka jioni, na aliporudi alikula bila kuniangalia. Asubuhi mke wake alinisindikiza stendi. Yeye hakutoka.

Nilimwachia ile fomu mezani na tarehe yake ya mwisho. Mimi mwenyewe ningeweza kusaini, maana nami ni mtoto wake, lakini nimeona sistahili kumtangulia. Yeye ndiye aliyedhulumiwa. Kama hatasaini, mama yetu ataenda kwenye lile kaburi la pamoja na mimi nitajua ni kwa ajili yangu.



Valeria


Nyamisoro,
29 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwa mara ya kwanza haitapitia kwenye kaunta ya Abdulrahmani.

Barua yako niliipata tarehe 16. Niliisoma nimekaa kwenye mwamba wa mtandao, na nikampigia Baba hapo hapo. Simu ilikuwa imezimwa. Nilipiga kila siku kwa siku nane, na kila siku Bwana Khatibu alikuwa akiuliza kwa macho tu. Jumanne ndipo mama alipopokea, akasema Baba ameondoka tangu jana na begi, hakusema anakwenda wapi. Tulidhani amekuja kwako.

Alhamisi boti ikaja ya mahitaji. Juu ya magunia ya mchele alikuwa amekaa Baba, amevaa koti la harusi ya kaka Marselino, ameshika ubao kwa mikono miwili. Hajawahi kupanda boti maishani mwake. Alikuwa ametapika na amekasirika. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Hapa ndipo mnapokaa?"

Alimkabidhi Bwana Khatibu fomu, imekunjwa mara nne, ina muhuri wa kijiji. Kwenye mstari wa uhusiano na marehemu hakuwa ameandika kitu. Bwana Khatibu akaona, akamwambia kalamu iko mezani wakati wowote.

Jana asubuhi tulikwenda. Dakika arobaini tulizifanya saa mbili kwa ajili ya nyonga yake. Alikataa kushikwa. Minandi waliruka wote tulipokaribia, furukombe wakapiga kelele zao, yeye hakuinua kichwa. Nilimwonyesha safu tatu, nikamwonyesha rundo, ambalo mimi na Bwana Khatibu tulilipanga upya. Jiwe lilikuwa juu yake. Baba alisimama mbali kidogo kama mtu aliyefika kwenye nyumba asiyojua kama atakaribishwa.

Halafu aligeuka akatazama ule mwamba tambarare wenye vibonde vitatu. Akaenda pale, akainama kwa taabu, akapitisha kiganja ndani ya kibonde cha katikati. Akauliza nani alikuwa anasagia hapa. Bwana Khatibu akamweleza habari ya mawimbi. Baba akamwangalia kwa huruma kabisa. "Mawimbi gani? Nimekua nimelala pembeni ya jiwe la kusagia la dada yangu. Hapa walikuwa wanakaa wanawake watatu, wanatazamana, wanasaga." Bwana Khatibu alivua kofia. Miaka sita yuko hapa, Shangazi, na mimi miezi saba, na tulikuwa tunawahesabu ndege wanaokunywa kwenye jiko la watu.

Baba akarudi kwenye kaburi. Akaliomba jiwe kwa kuinamisha kichwa, sijui alisema nini, akalichukua. Akaenda nalo mpaka kwenye kile kibonde, akapiga goti la upande mzuri, akaliweka ndani. Limekaa sawasawa. Akajaribu kulisukuma kama mnavyosukuma. Vidole vyake havikuingia. Ile sehemu ya kushikia imelika nafasi za vidole vinne vyembamba, na vyake vilikuwa vinapandana. Alijaribu tena, akashindwa, akanikamata mkono akauweka pale. Vyangu viliingia.

Alikaa chini. Akasema, "Alikuwa na mkono mdogo."

Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini, ila nilikuwa karibu naye nikasikia. "Mama alikuwa na mkono mdogo."

Akalia, Shangazi. Nami nikalia. Bwana Khatibu alikwenda kuwatazama pimbi.

Tulilirudisha jiwe juu ya kaburi. Baba amesema libaki, kwa sababu lilikuwa lake na hakuwa anamwazima mtu. Jioni alikwenda mezani akajaza ule mstari. Njia itazungushwa, na jukwaa litasogezwa upande wa mashariki. Bwana Khatibu ameandika barua ya vile vibonde, anataka navyo viachwe, na ameandika kwa mkono wake kwamba alikosea.

Baba atavuka na boti ya kesho, na barua hii atakuwa nayo yeye mwenyewe mfukoni, si Abdulrahmani. Nilimwomba afike kwako kabla ya kurudi Kagerankanda. Aliendelea kukunja koti lake. Lakini leo asubuhi ameniuliza kama lile jiwe kubwa bado liko uani, na kama wewe siku hizi unaweza kulinyanyua peke yako au utahitaji mtu wa kukusaidia kuliingiza ndani.

Mwanao,
Careen Ndayikeza